Imeamuliwa, lakini na nani?

Jioni moja jirani yangu alinigongea mlango akiwa na bahasha ya kaki mkononi. Ni mtu aliyenizidi umri kwa miaka kama kumi hivi, na kwa miaka kumi na mmoja alikuwa mtunza stoo katika kampuni moja hapa jijini. Mimi humwita kaka, naye huniita mwandishi, kwani mtaani kwetu mtu anayesikika redioni haulizwi tena jina alilopewa na wazazi wake. "Mwandishi," akaniambia kabla hata hajakaa, "Kiingereza hiki ninakisoma, na maneno yote yaliyomo humu ninayajua. Ila sijaona ni nani aliyenifukuza."

Barua yenyewe ilikuwa ya mistari minne. Ilianza hivi: "It has been decided that your services are no longer required." Imeamuliwa kwamba huduma yako haihitajiki tena. Ikaendelea: "All outstanding dues will be calculated and paid in due course." Haki zako zote zilizobaki zitakokotolewa na kulipwa wakati utakapofika. Chini kulikuwa na sahihi isiyosomeka, na mbele ya sahihi hiyo neno "for", yaani kwa niaba ya. Kwa niaba ya nani? Ya uongozi.

Kaka yangu alikwisha kuhangaika vya kutosha. Alikwenda kwa meneja wa tawi, akaambiwa uamuzi umetoka makao makuu. Makao makuu akaambiwa mambo ya wafanyakazi yako idara ya utumishi. Idara ya utumishi wakamwambia wao huandika tu barua kutokana na mapendekezo yanayoletwa kutoka kwenye tawi. Akarudi tawini. Siku ya kumi na mbili ndipo alipokuja kwangu, na hapo ieleweke kwamba kwa kanuni zetu za kazi, mfanyakazi anayetaka kupinga kuachishwa kazi anazo siku 30 za kupeleka malalamiko yake kwenye Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Karibu nusu ya siku hizo alizimaliza akimtafuta mtenda wa sentensi.

Kilichomzungusha kina jina katika sarufi. Waingereza wanakiita "passive voice", na sisi shuleni tuliambiwa ni kauli ya kutendwa. Juma hili nimeona tuizungumze, maana barua za namna ile zinaandikwa kila siku katika mji huu, na wengi wetu tunazipokea, na baadhi yetu, tukiwa wakweli, tunaziandika.

Mambo ya darasani nitayapitia haraka. Sentensi ya Kiingereza katika hali yake ya kawaida humtaja kwanza mwenye kufanya, kisha tendo, kisha kile kinachofanyiwa. "The manager wrote the letter", meneja aliandika barua. Hiyo ni kauli ya kutenda. Ukiigeuza, barua inakuja mbele, tendo linabebwa na neno la ukoo wa "to be" pamoja na umbo la tatu la kitenzi, na meneja anasukumwa nyuma baada ya neno "by": "The letter was written by the manager." Wakati ukibadilika, kinachobadilika ni hilo neno la mbele tu. "Is written" ni inaandikwa, "was written" iliandikwa, "has been written" imeandikwa, "will be written" itaandikwa. Lile "written" halisogei. Sisi Waswahili kazi yote hiyo tunaimaliza kwa sauti moja ndogo ya w tunayoichomeka karibu na mwisho wa kitenzi: andika, andikwa, soma, somwa, fukuza, fukuzwa.

Sasa jambo ambalo mwalimu wangu wa sekondari hakunieleza, na nadhani hata yeye hakuelezwa, ni kwamba yule meneja aliyesukumwa nyuma anaweza kuachwa kabisa. "The letter was written." Nukta. Sentensi imekamilika, msahihishaji hana pa kutia kalamu, na meneja ametokea mlango wa uani. Sisi tulikuwa tukiandikiwa ubaoni sentensi kumi, tuzigeuze. John ate an apple. An apple was eaten by John. Tuligeuza mpaka John akashiba. Nilipata nane kwa kumi, lakini hakuna siku hata moja niliyoulizwa kwa nini mtu mwenye akili zake atake tunda likae mbele ya mlaji.

Kabla ya kufika kwenye sababu hiyo, ipo mitego inayotunasa sisi wasemaji wa Kiswahili, na inatunasa kwa sababu lugha yetu katika jambo hili ni tajiri kuliko Kiingereza. Mtu amechomolewa saa ndani ya daladala. Kwa Kiswahili anasema, "Nimeibiwa saa," na kila mtu ameelewa. Akitaka kulisema hilo kwa Kiingereza anasema, "I was stolen my watch." Mwingereza anabaki kutazama, maana kwa lugha yake kilichoibwa, kikachukuliwa na mwizi, ni huyo huyo anayezungumza. Sisi tuna kauli ya kutendea: iba, ibia, ibiwa. Kwa hiyo aliyepata hasara anaweza kukaa kwenye kiti cha mbele cha sentensi. Kiingereza kwa kitenzi "steal" kinataka saa ndiyo ikae mbele: "My watch was stolen." Ama ubadilishe kitenzi useme "I was robbed", neno ambalo kwao linanuka kutumia nguvu.

Mvua ikitukuta njiani tumenyeshewa. Mtu akiondokewa na mzazi wake amefiwa. Hebu jaribu kuitafsiri "kufiwa" neno kwa neno uone utakapofikia. Tendo la kufa halimfanyii mtu mwingine chochote, lakini Kiswahili kimelipa kiungo cha kutendea na kiungo cha kutendwa, na aliyebaki na majonzi akawa ndiye mwenye sentensi: amefiwa na baba yake. Mwingereza hana kitenzi hicho. Husema "His father died", na mfiwa anaonekana pembeni kama mtu aliyekuwa na baba tu. Nadhani ni kwa kuhisi upungufu huo ndiyo maana katika barua za kuomba ruhusa ya msiba tunaandika "My father was died". Hilo ni kosa. Vivyo hivyo "The accident was happened", ambayo nimeikuta hata katika ripoti za watu wenye shahada mbili. Kitenzi ambacho hakina cha kukifanyia hakigeuzwi katika Kiingereza. Ajali "happened", basi, yatosha.

Lipo pia hilo neno "by". Kiswahili kimetutengenezea maneno mawili, "na" kwa mtu anayetenda na "kwa" kwa kifaa anachokitumia: aliuawa na jambazi kwa kisu. Kiingereza nacho kinatenganisha, "by a robber" lakini "with a knife". Ukiandika "by a knife" umekipa kisu miguu ya kutembea. Risasi, bomu na radi wanaziruhusu zije na "by", pengine kwa kuwa hizo husafiri zenyewe.

Na kuoa je? Kwetu mwanamume anaoa na mwanamke anaolewa, na ukichanganya utachekwa mpaka mwaka mwingine. Kwa Kiingereza wote wawili "marry". "She married him", na kwa sarufi yao bibi harusi ndiye aliyetenda. Shangazi zangu wangekuwa na mengi ya kusema hapo, lakini tuwaache.

Turudi kwa tunda na mlaji. Kiswahili kinatupa uhuru wa kupanga maneno. Naweza kusema "Meneja ameiandika barua hii", naweza pia kusema "Barua hii ameiandika meneja", na hakuna atakayedhani kwamba barua ndiyo iliyomwandika meneja, kwa sababu ile "i" iliyojificha ndani ya "ameiandika" imeishika barua mkono. Kitenzi hakikugeuka kuwa cha kutendwa, ila barua imekwishakuja mbele. Kiingereza hakina hiyo "i". Ukisema "This letter wrote the manager", kweli barua imemwandika meneja. Kwa hiyo Mwingereza anapotaka kuzungumzia kitu fulani, akiweke mbele na aendelee nacho, aghalabu hana njia nyepesi zaidi ya kauli ya kutendwa. Hii ndiyo kazi yake ya heshima, na wengi wanaoilaani kauli hii hawaitaji.

Chukua reli yetu ya TAZARA. Ukitaka kuandika aya ya Kiingereza kuihusu, utasema inatoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi nchini Zambia, kilomita 1,860, kisha utasema "It was built with Chinese help between 1970 and 1975." Reli imebaki mbele, msomaji hakupotea. Mtu aliyeambiwa na mwalimu wake kwamba kauli ya kutendwa ni haramu ataandika "China helped to build it", na sentensi ifuatayo "Tanzania and Zambia asked", na kufikia mwisho wa aya hujui kama unasoma habari za reli au za mambo ya nchi za nje.

Kazi nyingine ya heshima ni pale mtenda asipojulikana. Sisi wa redio tuna mfano wetu wa kukumbuka. Ijumaa ya tarehe 22 Novemba 1963, msafara wa Rais John Kennedy wa Marekani ulikuwa ukipita katikati ya mji wa Dallas. Ilikuwa saa sita na nusu mchana. Merriman Smith wa shirika la habari la UPI alikuwa amekaa kiti cha mbele katika gari la waandishi, karibu na simu ya upepo ya gari hilo. Aliposikia milio aliikamata ile simu, na inajulikana jinsi mwenzake wa shirika la AP alivyokuwa akimpiga mgongoni akitaka aachiwe naye azungumze. Baada ya dakika nne hivi habari ilikuwa imekwishatoka, na maneno yake ya kwanza yalikuwa "Three shots were fired". Risasi tatu zimefyatuliwa. Na nani? Smith hakujua, na dakika ile hakuna mwandishi aliyejua. Hakuandika kwamba maadui wa Rais wamefyatua, wala hakutaja taifa lolote. Alitaja kile masikio yake yalichokisikia, na mahali pa mtenda akapaacha wazi kwa uaminifu. Mwaka uliofuata alipata tuzo ya Pulitzer.

Mtu anayejua na hataki kutaja ni habari nyingine kabisa.

Novemba 1986 ilifichuka kwamba serikali ya Rais Ronald Reagan ilikuwa imeiuzia Iran silaha kwa siri, na kwamba sehemu ya fedha zilizopatikana ilipelekwa kwa waasi wa Nicaragua walioitwa Contra. Tarehe 27 Januari 1987 Reagan alisimama mbele ya Bunge la Marekani kutoa hotuba ya hali ya taifa, na alipofika kwenye sakata hilo alisema "serious mistakes were made". Makosa makubwa yalifanyika. Nilipoitafsiri sasa hivi, ndugu wasikilizaji, nimesema "yalifanyika", ambalo ni mbali zaidi hata ya "yalifanywa", maana "yalifanywa" walau linakukumbusha kwamba yupo aliyefanya, lakini "yalifanyika" linaweza kuwa kama mvua iliyonyesha. Hilo linatosha kutuonyesha kwamba hata sisi tunavyo vyombo vya kujifichia, tena vikali.

Wamarekani wenyewe hawakuridhika. Tarehe 4 Machi mwaka huo huo Reagan alirudi kwenye televisheni, na safari hii alianza na neno "I". Alisema anabeba dhamana yote, kwa matendo yake mwenyewe na ya serikali yake. Ni mtu yule yule na sakata lile lile, ila kutoka Januari hadi Machi amehama kutoka kauli moja kwenda nyingine. Mchambuzi wa siasa wa Marekani, William Schneider, aliwahi kutania kwamba wanasiasa wa Washington wamejibunia wakati wao wa kitenzi, ambao kwa Kiswahili tungeuita wakati uliopita wa kujisafisha.

Kwa sababu ya mambo kama hayo walitokea wakubwa wa uandishi wakaipiga marufuku kauli hii. Profesa William Strunk wa Chuo Kikuu cha Cornell aliwaandikia wanafunzi wake kijitabu mwaka 1918, na mwaka 1959 mwanafunzi wake wa zamani, E. B. White, akakitoa upya kikiwa kimeongezwa. Humo imo amri ya kutumia kauli ya kutenda. Naye George Orwell, ambaye kuanzia 1941 hadi 1943 alikuwa mtu wa redio kama sisi, akitayarisha vipindi vya BBC vya kwenda India, aliandika mwaka 1946 makala maarufu kuhusu siasa na lugha ya Kiingereza, akataka kauli ya kutendwa isitumiwe kamwe pale ambapo ya kutenda inawezekana.

Makala ile ya Orwell niliigawiwa chuoni nilipokuwa nikisomea stashahada ya uandishi, na kwa miaka kadhaa niliishika kama msahafu. Baadaye nilipoisoma tena taratibu nikagundua kitu kilichonichekesha. Sentensi yake ya kwanza kabisa ina kauli ya kutendwa ndani yake. Tena haina mtenda: kuna jambo linalodhaniwa na watu kwa jumla, na hao wadhani hawatajwi. Simsemi Orwell kwa ubaya. Alichokuwa akikichukia ni kilekile kilichoandikwa katika barua ya jirani yangu, na mwishoni mwa orodha ya amri zake aliruhusu zivunjwe zote kuliko mtu aandike kitu cha kutisha. Lakini wanaomnukuu huishia katikati ya orodha.

Na wengine hawaijui hata hiyo kauli wanayoipiga vita. Mwaka 2009 mtaalamu wa isimu, Geoffrey Pullum, alikichambua kile kitabu cha Strunk na White akaonyesha kwamba kati ya jozi nne za mifano zilizotolewa chini ya amri hiyo, tatu hazina kauli ya kutendwa hata kidogo. Kwa hiyo tuwe waangalifu. Si kila "was" ni ya kutendwa; "She was running" ni mtu anayekimbia kwa miguu yake. Na si kila sentensi inayomficha mtu ni ya kutendwa. Mtoto aliyeangusha kikombe atakuambia "kimevunjika", na mtoto wa Kiingereza atasema "It broke". Huo si mgeuzo wa "was" wala "by", ni kitenzi cha kawaida kabisa, na mkosaji hayumo. Upande wa pili, "The cup was broken by Asha" ni kauli ya kutendwa tupu, na Asha anaonekana mchana kweupe. Kwa hiyo usiwinde umbo la kitenzi pekee. Uliza kama mtu anayehitajika yumo.

Swali hilo mimi nilifundishwa na mhariri wangu wa kwanza, mzee mmoja aliyekuwa na kalamu nyekundu na maneno machache. Nilikuwa nikitafsiri taarifa za mashirika ya nje kuziingiza katika taarifa ya habari ya saa mbili usiku. Siku moja nikapata habari ya ghasia katika nchi moja, na Kiingereza chake kilisema "a man was shot dead in the clashes". Nikaandika kwamba mtu mmoja ameuawa kwa risasi katika ghasia hizo. Karatasi ilinirudia ikiwa na neno moja pembeni: NANI? Nikamwendea nikamwambia, mzee, shirika halikusema. Akanijibu kwamba basi niandike hivyo, kuwa shirika halikusema ni nani aliyefyatua. Nikasema sentensi itakuwa ndefu. Akanitazama, akaendelea kunywa chai yake.

Niliandika. Ilikuwa ndefu kwa maneno sita. Siku ya pili yake shirika lile lile lilituma maelezo zaidi, na aliyefyatua alikuwa askari. Kama tungeiacha ile sentensi yangu ya kwanza ilivyokuwa, msikilizaji angebaki akiamini kwamba ghasia zenyewe ndizo zilizokuwa na bunduki.

Na sisi wenyewe tusijifiche. Magazeti yetu na redio zetu zina msamiati mzima wa namna hii: imeelezwa, imefahamika, inasemekana, imedaiwa. Asubuhi moja nilihesabu katika gazeti moja nililonunua kituoni, na kabla basi halijafika nilikuwa nimepata "imeelezwa" saba. Baadhi zilikuwa halali, kwa kuwa aya iliyofuata ilimtaja aliyeeleza. Nyingine ziliishia hivyo hivyo, na ukiwa na umri wangu katika kazi hii unajua maana yake: mwandishi amesikia kwa mtu mmoja, au mtu huyo amekataa kutajwa, au hakuna mtu. Msomaji hawezi kuzitenganisha hizo tatu, na ametoa fedha yake.

Sasa, ile barua. Nilimwambia kaka yangu kwamba tukitaka kujibiwa na mtu, basi tuulize kuhusu mtu. Tulichukua kila kitenzi cha kutendwa kilichokuwa katika barua yake tukakigeuza kirudi kwenye kutenda, kama lile zoezi la ubaoni lakini kinyumenyume, na pale mtenda alipokosekana tukaweka "who". "It has been decided" ikawa "Who decided to end my employment, and on what date?" Nani aliamua kunisimamisha kazi, na lini? "Will be calculated" ikawa "Who will calculate my dues?" "Will be paid in due course" ikawa "Who will pay me, and on which day?" Barua nzima haikuzidi mistari mitano. Yeye mwenyewe ndiye aliyependekeza tuongeze mstari wa sita, "I worked for you for eleven years", na nikaona anajua sarufi kuliko nilivyodhani, maana hiyo ni kauli ya kutenda na mtenda wake ni yeye.

Nilimshauri pia aende Tume kabla siku 30 hazijaisha. Akasema yeye hataki kurudi mahali ambapo hawamtaki, anataka fedha zake aende Handeni akalime. Sikumbishia, miaka kumi na mmoja ni yake.

Jibu lilikuja siku ya ishirini na nne. Kuhusu fedha lilisema waziwazi: "The accountant will pay you on Friday. Please bring your identity card." Mhasibu atakulipa siku ya Ijumaa, uje na kitambulisho. Kuhusu uamuzi lilisema "the decision was taken after due consideration", yaani ulichukuliwa baada ya kutafakariwa ipasavyo. Sahihi ilikuwa ile ile isiyosomeka.

Ijumaa alikwenda, na mhasibu, kijana mmoja mpole, alimhesabia fedha zake mbele yake, akamwomba atie sahihi kwenye vocha, akamtakia heri. Kaka yangu akamuuliza kama anamjua aliyeamua. Yule kijana akasema hata yeye vocha aliikuta imeshaidhinishwa.